Ada Imeondoka, Dhiki Imebaki

Kila yatangazwapo matokeo ya kidato cha nne, masikio yetu huelekea kwa waliofaulu na waliofeli, na ni nadra mtu kuuliza habari za wale walioanza kidato cha kwanza pamoja nao wasikifikie chumba cha mtihani. Serikali ya Tanzania ilipoondoa ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za umma, tangu Januari 2016, ilitenda jambo la kushukuriwa; lakini sare, madaftari, nauli, na kodi ya chumba kwa mtoto asomaye mbali na kwao vimebaki juu ya mzazi, naye, akiwa mkulima, aghalabu hana fedha ila baada ya mavuno, ilhali masomo huanza Januari, wakati ambapo katika pande nyingi za nchi ghala limepungua na jembe lataka mikono. Basi mtoto hukosa shule siku ya gulio, kisha juma la palizi, hata akaona haya kurudi darasani asikofahamu tena lisemwalo. Kwa rai yangu, uji wa shuleni na bweni la karibu vingewafaa watoto hao kuliko hotuba zetu, na hii pia ikiwamo.

Binti ana taklifu zaidi: maji, jiko, wadogo zake, na akipata mimba alikuwa akifukuzwa shule, mpaka Novemba 2021 ilipotolewa ruhusa ya kurejea baada ya kujifungua. Ruhusa hiyo ni rehema, ila haikusema nani atamshika mtoto mchanga saa za masomo.