Kamera Isiyo na Haraka

Wahitimu wa fani ya filamu:

Nimeombwa niseme nanyi kabla hamjakabidhiwa vyeti, nami, badala ya nasaha za ada, ambazo wazee wenu wamekwisha kuwapa kwa wingi kuliko mimi, nimekhiari kuwaeleza filamu moja ya Kigiriki, O Thiasos, aliyoitoa Theo Angelopoulos mwaka 1975, na ambayo alianza kuipiga ilhali udikteta wa kijeshi wa makanali ungali ukitawala Athens.

Kundi la waigizaji maskini lazunguka miji midogo kati ya 1939 na 1952, likicheza Golfo, tamthilia ya mapenzi ya wachungaji, ile ile ambayo mwaka 1915 ilifanywa filamu ndefu ya kwanza ya Ugiriki. Na mchezo wao haufiki mwisho, kwani mara vita, mara Wajerumani, mara Wagiriki wenyewe kwa wenyewe, huukatiza. Ndani ya filamu yake mwongozaji amefumbata kisa cha kale cha Agamemnon: Orestes, mwanawe, aliyejiunga na wapiganaji wa msituni, arudi akampiga risasi mamaye pamoja na hawara wake jukwaani, mbele ya hadhira, na hadhira, ikidhani ni sehemu ya mchezo, yashangilia.

Lakini lililonifanya niichague ni hili. Wanaume waliotoka dansini, baada ya kuivuruga, usiku wa kuamkia mwaka 1946 watembea barabarani wakiimba, kamera yawafuata taratibu, pasi na kukatwa hata mara moja, na wafikapo mwisho wa njia wamo katika mkutano wa kampeni ya uchaguzi ya Jemadari Papagos wa mwaka 1952. Miaka sita imepita kwa miguu! Mwingine angeandika tarehe kwenye kiwambo, tukaridhika. Angelopoulos alitaka tuone kuwa waliouvuruga usiku ule ndio hao hao walioukaribia utawala, wala hapana mpaka baina ya nyakati hizo mbili.

Filamu yote, ya karibu saa nne, ina vipande takriban 80 tu. Huchosha, sikatai, na wengine wenu mtasinzia. Hata hivyo itazameni, kisha, siku mtakapoketi na mhariri akawahimiza mkate picha mapema, mwulizeni kwanza ni nani angeingia pichani lau mngengoja.