Kazi Huzaa Kazi
(Hotuba kwa makatibu wa vyama vya msingi)



Kila msimu, baada ya malipo ya mazao, swali lile lile hurudi: ziada tuigawane yote, au sehemu yake tuitumie kupanua shughuli ili vijana wetu wapate kazi? Naomba nilijibu kwa mfano wa mbali.

Mwaka 1946 mhandisi Ove Arup alifungua ofisi ya ushauri wa uhandisi mjini London. Ofisi ya namna hiyo huuza hesabu, michoro na usimamizi; mtaji wake ni vichwa vya watu. Mkataba mpya unapopatikana, anayehitajika si mhandisi peke yake, bali pia mchoraji, karani na mtunza hesabu. Jumba la Opera la Sydney, lililoanza kujengwa mwaka 1959 na kufunguliwa mwaka 1973, liliwapa wahandisi hao kazi kwa miaka mingi. Leo kampuni hiyo ina wafanyakazi zaidi ya 15,000.

Tuzingatie mambo mawili. Kwanza, kampuni hiyo haina wenye hisa wa nje. Inashikwa na wadhamini kwa niaba ya wafanyakazi wake, nao hupata fungu la faida. Si chama cha ushirika, lakini ni jirani yake. Pili, Arup alipozungumza na wenzake mjini Winchester mwaka 1970, hakuusifu ukubwa kwa ajili ya ukubwa. Alitanguliza kazi bora, uaminifu, manufaa kwa jamii na maisha mema kwa wote waliomo.

Ndugu zangu, ajira haizaliwi kwa kuongeza majina katika daftari la mishahara. Chama kinachoajiri kabla ya kupata kazi kitakopa ili kilipe mishahara, na deni hilo atalilipa mkulima. Lakini chama kinachogawa kila senti hakitanunua mashine ya kukoboa, wala hakitamsomesha fundi wa kuitunza.

Kwa hiyo, makatibu, kabla ya Mkutano Mkuu waandalieni wanachama hesabu iliyo wazi: mashine itagharimu kiasi gani, itapata kazi kwa miezi mingapi, na itahitaji watu wangapi. Wakishaiona, waamue wenyewe. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba kinacholiwa chote leo hakiachi mbegu ya kesho.