Gunia Nalo Huzeeka

(Haya ni mazungumzo yetu na viongozi wa vikundi vya kujisaidia katika semina ya siku moja juu ya bustani za nyumbani, upande wa Kitui.)

Leo tunataka kuongea juu ya magunia, matairi na madebe tunayopandia mboga pale nyumbani, na jinsi ya kuyafanya yadumu katika jua letu hili.

Kwanza tukubali kosa letu. Mnakumbuka ule ukame. Sehemu nyingi za kaskazini na mashariki ya nchi yetu zilikosa mvua nzuri misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022. Mwaka 2021 tulipelekea kikundi kimoja cha akina mama magunia 40. Tuliwaonyesha kuyajaza na kupanda sukuma wiki, tukapiga picha, tukaenda zetu. Miezi ya kwanza mboga zilikuwa nzuri ajabu. Tuliporudi baada ya mwaka na zaidi, magunia 6 tu ndiyo yalikuwa yamesimama. Mengine yalikuwa yamepasuka ubavuni, udongo umemwagika, kuku wanachakura. Na ukame ulikuwa bado haujaisha. Watoto walikuwa wakila ugali na chumvi karibu na gunia lililopasuka.

Mama mmoja mzee alikuwa na mawili kati ya yale 6. Tukamwuliza, "Mama, wewe ulifanya nini?" Akacheka, akasema, "Wanangu, mlitupa magunia lakini hamkutuambia kwamba yanazeeka. La kwanza liligeuka unga mkononi mwangu. Nikayafunika haya mengine." Basi mengi ya tutakayosema leo tulijifunza kwa mama huyo na wenzake.

Adui wa kwanza ni jua

Gunia la nailoni haliozi upesi, wala mchwa halipendi. Kinacholiua ni jua. Jua hukausha zile nyuzi mpaka zinakatika zenyewe. Kwa hivyo weka gunia upande wa mashariki wa nyumba. Hapo mboga itapata jua la asubuhi, na kuanzia saa nane kivuli cha nyumba kitaifunika. Tumia magunia mawili, moja ndani ya jingine. Sehemu zisizo na mashimo zifunike kwa gunia kuukuu au nyasi. Hilo la nje likichakaa, ni rahisi kulibadilisha.

Mashimo ya kupandia yawe madogo, ya kutosha vidole viwili, na yapishane. Usiyapange kwa mstari mmoja kutoka juu hadi chini, maana gunia litapasukia hapo hapo kama karatasi iliyotobolewa. Usilisimamishe juu ya udongo mtupu. Panga mawe bapa kwanza. Na zungushia miiba. Mbuzi hajui huu ni mradi.

Udongo na maji

Udongo mweusi wa mfinyanzi pekee haufai. Ukilowa huvimba, ukikauka hupasuka na kuvuta gunia. Changanya madebe mawili ya udongo mzuri, debe moja la mbolea ya ng'ombe iliyooza kabisa, na debe moja la mchanga. Katikati simamisha kopo lisilo na kitako, lijaze kokoto, zungushia udongo, kisha livute juu na kulijaza tena, hadi ufike juu. Maji yote yamwagwe kwenye hizo kokoto. Mtu akimwagia juu ya udongo, mboga za juu zinalewa na za chini zinakufa kiu.

Mwagilia asubuhi na mapema au jioni. Kidogo kila siku ni afadhali kuliko ndoo nzima mara moja kwa wiki. Maji ya kuoshea vyombo na nguo yanafaa, mradi hayana dawa ya kung'arisha nguo. Yaache yatulie, yamwage kwenye kokoto, si kwenye majani, na siku nyingine toa maji safi.

Sasa, wenzetu wanaochota kwenye kisima cha maji ya chumvi, sikilizeni. Mkiona kitu cheupe kama unga juu ya udongo, hiyo ni chumvi inabaki maji yakikauka. Ondoeni ule udongo wa juu, wekeni mwingine. Mvua ikinyesha, acheni maji ya mvua yapite mengi ndani ya gunia hadi yatokee chini. Chumvi haitoki bila kuoshwa.

Vyombo vingine

Tairi ni gumu, litadumu miaka mingi. Lakini ni jeusi, linashika joto na kuchoma mizizi. Lipake chokaa au tope. Kata ule mdomo wa juu na toboa chini, la sivyo maji yatakaa ndani na mtakuwa mnafuga mbu.

Mtungi wa plastiki wa lita 20 nao huvunjika kwa jua, kwa hivyo uwekwe kivulini. Ule uliobeba dawa ya kuogeshea ng'ombe au ya kupulizia mimea, msiupandie chakula hata ukioshwa mara kumi. Debe la bati huliwa na kutu kuanzia chini. Liinue juu ya mawe na ulitoboe.

Kikundi chenye fundi kinaweza kutengeneza chungu cha simenti, kipimo kimoja cha simenti kwa vitatu vya mchanga. Kisianikwe juani. Kiloweshwe siku 7, kisha kijazwe maji na kumwagwa mara kadhaa kabla ya kupanda, maana simenti mpya ni kali kwa mizizi.

Gunia ni la nani?

Tulipokuwa tukiuliza kwa nini yale mengine hayakushonwa, mama mmoja alitujibu wazi: "Nikilishona, mtasema sihitaji jingine." Jibu hilo lilituuma, lakini lilikuwa kweli. Tulikuwa tumewafundisha watu kungoja gari la ofisi. Gunia lililopasuka ndilo lililoleta gunia jipya. Lililotunzwa halikuleta kitu.

Kikundi hicho leo kina utaratibu wake. Kila mkutano hufanyika kwa mwanachama tofauti, na kabla ya kuketi wote wanakagua bustani yake. Kila mmoja hutoa shilingi 10 za magunia. Wa kwanza kupewa gunia jipya ni yule aliyetunza la zamani hadi likazeeka kwa haki. Baada ya kila mavuno gunia humwagwa, udongo huongezewa mbolea, na lililochoka hubadilishwa kabla ya kupasuka. Nasi hatujawapelekea gunia tena. Mvua za Oktoba zikikawia, wao wana mboga.



Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Ni vyombo vingapi vya kupandia tulivyo navyo leo, na vingapi vimesimama?
2. Je, kuna kitu katika kikundi chetu ambacho tunaacha kiharibike ili tuletewe kingine?
3. Kabla ya mkutano ujao, nani atafanya nini?