Safari ya Kutafuta Mtoto: Tuutunze na Moyo

Leo nazungumza na mama anayetumia dawa ili apate mimba, na pia nawe unayeishi naye: mume, mama mkwe, dada au rafiki.

Kwanza tuelewane. Mume na mke wakikaa mwaka mmoja bila kupanga uzazi, wakikutana mara kwa mara, na mimba isishike, waende hospitali. Mama akiwa amepita miaka 35, asingoje zaidi ya miezi 6. Na waende wote wawili. Karibu nusu ya ndoa zenye shida hii, mwanamume naye ana tatizo. Kumwita mama tasa kabla baba hajapimwa ni kumwonea bure.

Matibabu hufuata mwezi wa mama, na moyo nao hufuata. Mwanzoni kuna matumaini. Huenda ukapewa vidonge vya klomifeni, umeze kwa siku 5, ili mayai yakomae. Vidonge hivi vinaweza kuleta joto la ghafla, kuumwa na kichwa, hasira au machozi. Mama, hujarogwa wala huna wazimu. Ni dawa. Lakini ukianza kuona ukungu machoni, mwone daktari kabla ya kumeza kidonge kingine.

Kisha huja wiki 2 za kungoja. Hapa ndipo wengi huteseka. Asubuhi matiti yanauma, unafurahi. Jioni tumbo linasokota, unalia. Jua kwamba dalili za hedhi inayokaribia na za mimba changa hufanana, na dawa ya projesteroni huleta dalili hizo hizo. Kwa hivyo usijipime kila asubuhi. Ngoja tarehe uliyopewa. Hata ukiona damu kidogo, usiache dawa kabla ya kuzungumza na daktari. Na ikiwa kweli ni hedhi, lia. Kulia si kukosa imani.

Niwaambie kosa langu mwenyewe. Siku moja mama alikuja kliniki, akaketi kwenye foleni pamoja na akina mama wajawazito. Nilipomfikia nikamwuliza bila kufikiri, "Mama, mimba yako ni ya miezi mingapi?" Alinitazama, akachukua mkoba wake, akaenda. Alirudi baada ya miezi 3. Swali langu moja lilimpotezea miezi 3 ya matibabu. Tangu siku hiyo huwa nauliza, "Nikusaidie nini leo, mama?"

Basi nawe jirani, na mama mkwe, usiulize, "Bado tu?" Sema, "Habari ya leo?" kisha usikilize. Baba, nenda naye kliniki, na umkumbushe saa za dawa. Usimwachie mzigo huu peke yake.

Wewe mama, chagua mtu mmoja unayemwamini, umwambie mambo yako. Ikiwa kwenda kumwona mzazi aliyejifungua kunakuumiza wiki hii, tuma zawadi, utaenda siku nyingine.

Na kabla ya kuuza ng'ombe au shamba, kubalianeni nyumbani ni pesa ngapi na mtajaribu mara ngapi. Mtoto wa kwanza duniani aliyetungwa mimba katika maabara alizaliwa Uingereza mwaka wa 1978, na hapa Kenya huduma hiyo ipo. Lakini hugharimu laki kadhaa, na mara nyingi haifaulu mara ya kwanza. Mwulize daktari gharama yote kabla ya kuanza. Anayekuahidi mtoto kwa hakika, mwogope.

Mwisho, zijue dalili za hatari. Ukiwa unadungwa sindano za kukomaza mayai, tumbo likavimba sana au ukakosa pumzi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na ukikosa usingizi na hamu ya chakula kwa wiki 2, au ukiwaza kufa, usikae kimya. Mwambie muuguzi. Hayo pia ni ugonjwa, na yanatibika.

Kumbuka, mama: una thamani leo, kabla matokeo hayajatoka.