Mashine ya Mashua Yetu: Hotuba ya Katibu



Tumetakiwa kusema machache juu ya mashua ya Chama, ambayo kwa miaka hii 10 imechukua pamba na machungwa yetu kutoka Ukerewe kwenda Mwanza. Huenda mkulima akauliza, "Mimi na mashine, wapi na wapi?" Jibu letu ni kwamba kila hesabu ya matengenezo inayosomwa mkutanoni hulipwa kwa jasho lake. Asiyejua mashine hawezi kuuliza, na asiyeuliza hulipa tu.

Mashine ya dizeli, ambayo Mjerumani Rudolf Diesel aliifanikisha mwaka 1897, haina plagi ya kutoa cheche. Pistoni hushindilia hewa ndani ya silinda mpaka joto lake likapita nyuzi 500 za Sentigredi. Ndipo dizeli hunyunyizwa, nayo ikawaka yenyewe. Basi jambo kubwa ni kunyunyiza kwa kipimo, kwa wakati wake, na kwa ukungu mwembamba.

Dizeli hutoka tangini, hupita katika chujio, huingia katika pampu ya kunyunyizia, kisha hufuata mabomba ya chuma hadi kwenye nozeli. Katika mashine za namna ya zamani kama yetu, nozeli hufunguka kwa nguvu ya baa 150 hadi 250, hali tairi la lori huwa na baa 7 au 8 hivi. Vyuma viendavyo ndani ya pampu vimebanana, hata nafasi iliyo kati yake ni nyembamba mno kuliko unywele. Punje ya mchanga huvikwaruza, na maji huvitia kutu.

Kwa sababu hiyo, mashine inapogoma, yatupasa kuanza tangini na kuishia kwenye pampu, wala si kinyume. Safari moja mashua ilizimika ikiwa imejaa machungwa, nasi tukaambiwa na karakana moja kwamba hapana budi kununua pampu mpya. Mwendesha mashine wetu akaomba kwanza alifungue chujio. Yalitoka maji kiasi cha kikombe. Alipokwisha kuyamwaga na kutoa hewa, mashine iliwaka, na fedha za pampu zikabaki katika sanduku la wanachama.

Utaratibu ni huu. Kwanza, tazama kama dizeli imo, kama bilula imefunguliwa, na kama tundu la kupumulia la tangi halikuziba. Pili, mwaga maji yaliyotuama chini ya chujio, na ulibadilishe likiwa limeziba. Tatu, legeza skrubu ya kutolea hewa, sukuma pampu ya mkono mpaka dizeli itoke pasipo mapovu, kisha kaza. Nne, soma moshi. Moshi mweusi huonyesha dizeli imezidi au hewa imepungua. Moshi mweupe usiokoma huonyesha dizeli isiyoungua, na wa buluu huonyesha oili inaungua. Yote haya yakiwa sawa, ndipo nozeli zipelekwe kupimwa, na pampu iwe ya mwisho.

Twawaonya vijana wetu: mtu asipapase kwa kidole mahali panapovuja bomba la nozeli. Dizeli ile hutoboa ngozi kama sindano na kuingia mwilini. Jeraha huonekana dogo, lakini mkono waweza kukatwa. Aliyepatwa apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama hasikii maumivu.

Mheshimiwa Mwenyekiti, tunaomba mkutano uazimie mambo matatu. Dizeli imiminwe kwa mrija wenye chujio, na tangi lijazwe kila jioni ili mvuke usigeuke maji ndani yake. Maji ya chujio yamwagwe kila asubuhi kabla ya safari. Tena liwepo daftari la mashine, na hesabu yoyote ya pampu au nozeli isipitishwe na Halmashauri mpaka daftari lionyeshe kwamba tangi, chujio na hewa vimekwisha kutazamwa.

Mali ya ushirika hulindwa na macho ya wengi.