Chumba, Ghorofa na Fleti: Maneno Yanayohitaji Uangalifu wa Katibu

(Mazungumzo yaliyotolewa katika semina ya makatibu wa vyama vya ushirika wa nyumba)



Nimeombwa nizungumze juu ya maneno tunayoyatumia kuyaita makao ya watu wengi chini ya paa moja. Huenda wako watakaosema kuwa hii ni kazi ya walimu wa lugha, si ya wanaushirika. Mimi nami nilikuwa na fikira hiyo, mpaka neno moja liliponitia aibu.

Chama nilichokuwa katibu wake kilijenga jengo kwa ajili ya wanachama. Mkutano Mkuu ukaamua kwamba wazee na wenye maradhi ya miguu wapewe makao ya chini, wasipate taabu ya kupanda ngazi. Nikaandika katika kumbukumbu: "Wazee wapewe ghorofa ya kwanza." Mimi nilihesabu kuanzia ardhini. Mchoraji wa ramani alihesabu kama ilivyo desturi ya wengi, yaani chini ni chini, na ghorofa ya kwanza ni ile iliyo juu yake. Barua za ugawaji zikafuata ramani. Mama mmoja, mwanachama tangu siku ya kuandikishwa chama, mwenye magoti yaliyochoka, akakabidhiwa ufunguo wa makao yaliyo juu ya vidato ishirini na viwili. Waliopata chini walikuwa vijana, nao walishika barua halali mikononi. Ilituchukua miezi saba kumpata wa kubadilishana naye, na katika miezi hiyo mama yule hakuhudhuria mkutano hata mmoja. Sikuweza kumlaumu.

Tulitazame basi neno lenyewe. Ghorofa asili yake ni Kiarabu, na wenzetu wenye jamaa huko Oman huwasikia wakisema "ghurfa" kwa maana ya chumba. Kwetu neno limepanda juu. Tunasema "anakaa ghorofani", maana yake anakaa juu. Tunasema pia "amejenga ghorofa", na hapo ni jengo zima. Tena nyumba ya ghorofa moja, kwa masikio ya wengi wetu, ina chini na ina juu; lakini fundi aliyesoma michoro ya Kiingereza aweza kuielewa kuwa ni nyumba isiyo na juu kabisa. Fikirini mkataba wa ujenzi unaosimama juu ya maneno hayo mawili! Katibu na aandike: "chini, na ghorofa mbili juu yake." Maneno yamezidi kidogo, lakini fedha ya wanachama imehifadhiwa.

Wengine hudhani kuishi pamoja katika jengo moja kulikuja na fleti. Sivyo. Huko Lamu ilikuwa desturi binti akiolewa aongezewe ghorofa juu ya nyumba ya wazazi wake, na nyumba mbili za jamaa ziliweza kuunganishwa kwa wikio, chumba kinachopita juu ya njia. Na ile tuiitayo nyumba ya Kiswahili, ambayo Dar es Salaam na Mombasa zimeijua kwa vizazi, ni jengo la watu wengi kwa namna yake. Mbele ipo baraza. Ukiingia, unakuta ukumbi mrefu wa katikati wenye vyumba huku na huku, mara nyingi vitatu kila upande. Nyuma kuna ua, na humo jiko, choo na bafu vya wote. Mpangaji hapangi nyumba, hupanga chumba. Akiwa na nafasi zaidi hupanga "chumba na sebule", yaani vyumba viwili, kimoja kikiwa cha kupokelea wageni. Asiyejiweza hupata banda la uani. Katika maneno haya hakuna linalotaja ukumbi, choo wala ua, lakini ugomvi wote huzuka huko: nani afagie, nani alipie umeme wa taa ya ukumbini.

Mipaka ya nchi nayo hubadili maana. Mwenzetu wa Nairobi akisema anakaa kwenye ploti, hana maana ya kiwanja kitupu, bali jengo la vyumba vya kupangisha. Mombasa iko hata nyumba bila ardhi: kuta ni za mtu huyu, kiwanja ni cha yule. Zanzibar majengo marefu ya Michenzani huitwa nyumba za maendeleo. Kota ni makao yanayofuatana na kazi. Kazi ikiisha, ufunguo hurudishwa. Nao wazee wa Upanga na Kariakoo wangali wanasema "majumba ya Msajili", ingawa Msajili wa Majumba, aliyekabidhiwa majengo yaliyotwaliwa na Serikali mwaka 1971, shughuli zake ziliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990.

Fleti ni makao kamili ndani ya jengo: mlango wake, jiko lake, choo chake. Apatimenti, kwa kadiri niionavyo mimi, ni fleti iliyopandishwa kodi.

Sasa nifike kwenye jambo lililo zito kuliko yote, nalo ni lile neno dogo "yangu". Mwanachama akisema "fleti yangu", amemaanisha nini? Nchini Tanzania, Sheria Na. 16 ya mwaka 2008 inaruhusu jengo moja ligawanywe katika sehemu, kila sehemu ikawa na hati yake, huku ngazi, paa na uwanja vikibaki mali ya pamoja ya wenye sehemu. Kenya ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 1987, ikaiweka nyingine mahali pake mwaka 2020. Lakini liko jengo ambalo hati yake ni moja tu, nayo ni ya chama. Hapo mwanachama ana hisa, na ana haki ya kukaa kwa mujibu wa masharti ya chama. Hana hati ya fleti. Njia zote mbili ni halali. Ubaya ni kuandika "atamilikishwa fleti" pale ambapo masharti yanampa haki ya kukaa tu. Siku atakapofariki, watoto watakuja ofisini na barua hiyo mkononi, nao watakuwa wameisoma sawasawa.

Neno "kujitegemea" nalo litazamwe. Chumba kinachojitegemea ni kile chenye choo na bafu ndani. Nyumba inayojitegemea ni ile iliyosimama peke yake uwanjani. Tangazo likisema "makao yanayojitegemea", mwombaji achague lipi?

Nimekuja na nakala za barua ya ugawaji tunayoitumia hivi sasa. Ziko mezani kwa Mwenyekiti. Inataja ghorofa kwa kuhesabu kutoka chini, namba ya mlango, vyumba vilivyomo, vitu vya pamoja kimoja kimoja, na aina ya haki anayopewa mwanachama. Mahali pamoja bado panatusumbua, ni pale pa roshani: wako wanaosema ni ya mwenye fleti, na wako wanaosema, kwa kuwa imeshikana na ukuta wa nje, ukarabati wake ni wa chama. Ningependa kusikia vyama vyenu vimeandikaje.