Hewa ya Juu ya Dari: Paa na Joto la Nyumba za Dar es Salaam



Kuanzia Desemba hadi Machi, mkazi wa Dar es Salaam akilalamika kwamba nyumba yake haikaliki, lawama huangukia madirisha: ni madogo, hayaelekei upepo, jirani ameyaziba kwa ukuta. Ni wachache wanaoinua macho. Nimeomba nafasi hii nizungumzie uwazi ulio kati ya bati na dari, kwa kuwa naamini joto la mchana linatuingilia hapo zaidi ya mahali pengine popote, na kosa hufanyika siku ile ile fundi anapoziba upenu wote na kupigilia fishabodi.

Jiji letu liko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua hutupitia utosini mwanzoni mwa Oktoba na tena mwanzoni mwa Machi, na katika miezi iliyo katikati haliendi mbali na utosi. Ukuta hukingwa na upenu. Paa halina wa kulikinga. Adhuhuri ya siku isiyo na mawingu, kila mita ya mraba ya paa hupokea nguvu ya jua inayokaribia wati 1,000. Bati la kahawia au jekundu lililokolea hupita nyuzi 60 za sentigredi wakati hewa ya nje iko kwenye 32.

Joto hilo hushuka kwa njia mbili, na ni lazima tuzitenganishe. Kwanza, hewa iliyo chini ya bati hupata moto, na ikikosa pa kutokea hujikusanya juu ya dari. Pili, bati lenyewe hurusha joto moja kwa moja hadi mgongoni mwa dari ya jipsamu, kama mkaa wa jiko unavyouchoma uso wa mpishi hata pasipo upepo. Matundu ya hewa hutibu njia ya kwanza. Ya pili huipunguza kidogo tu, kwa kulipoza bati na dari. Anayemwambia mteja kwamba matundu peke yake yatamaliza joto hamtendei haki.

Dari ikishapata moto, nayo humrushia joto aliye chini yake. Ndiyo maana mtu huketi chini ya pangaboi, kipimajoto ukutani kikionyesha nyuzi 32, na bado akahisi kichwa kimeelemewa. Ngozi yake inapokea joto la dari, na feni haiwezi kulizuia lisimfikie.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Hewa ya moto hupanda, kwa hiyo inahitaji mlango wa kutokea juu kabisa, karibu na kofia ya paa, na mlango wa kuingilia chini, kwenye upenu. Ukiweka mmoja ukaacha mwingine, hewa haitembei inavyopaswa. Na kadiri milango hiyo inavyoachana kwa kimo ndivyo mvuto unavyoongezeka. Hapa lazima niseme wazi kuhusu nyumba za paa la kuficha, ambazo sasa kila kijana anayejenga anazitaka. Paa lake ni la mteremko mdogo, limezungushiwa ukuta pande zote, halina upenu wa kukinga madirisha wala wa kuingizia hewa. Kwa mwambao wetu, naliona chaguo baya. Mteja akilishikilia, basi sisi mafundi tumwachie matundu yenye wavu katika ukuta huo, pande zinazotazamana.

Kanuni za ujenzi za Marekani hutaka uwazi halisi wa sehemu 1 kwa kila 150 za eneo la dari; sisi tuugawe takriban nusu chini na nusu juu. Kanuni hiyo ilitokana na hofu ya unyevu katika nchi za baridi, kwa hiyo kwetu ichukuliwe kuwa kiwango cha chini. Nyumba ya mita 10 kwa 12 ina dari ya mita za mraba 120. Inahitaji mita 0.8 za mraba. Wavu hula sehemu ya uwazi. Nikikadiria kwamba unakula nusu, ufa wa sentimita 2 kuzunguka upenu wote unatosha chini. Juu, kwa paa la mgongo wa tembo, tundu la sentimita 60 kwa 70 katika kila ukuta wa pembetatu linatosha. Paa la migongo minne halina ukuta huo. Hapo kofia iinuliwe na kupewa mabawa ya kuzuia mvua ya upepo.

Wavu usiachwe. Popo wakishahamia juu ya dari, mwenye nyumba ataziba kila tundu kwa saruji, na kazi yetu yote itakuwa bure. Mbu nao wana sehemu yao: mbu wa malaria hupenda kuingilia mwanya wa upenu, hasa pasipo na dari, na tangu zamani tumeshauriwa kuuziba. Ushauri huo una msingi. Lakini nchini Gambia, watafiti waliolinganisha nyumba za majaribio waliona kwamba nyumba ya bati iliyozibwa upenu ilikuwa na joto zaidi kuliko ya nyasi. Wavu wa matundu madogo unamzuia mbu na kuiacha hewa ipite.

Wazee wa Lamu walilielewa jambo hili la kuacha hewa ipite chini ya paa. Juu ya sakafu bapa ya chokaa waliinua paa la makuti lililo wazi pembeni: makuti yakabeba jua, na upepo ukapita katikati.

Kwa nyumba iliyokwisha kuezekwa, ushauri wangu una mpangilio. Anza kwa kupaka bati rangi nyeupe, kwa sababu joto lisilopokelewa halihitaji kutolewa. Kisha fungua upenu na juu. Fedha ikibaki, tandaza karatasi ya alumini inayong'aa chini ya kenchi, uso wake ukitazama uwazi, isigusane na bati; hiyo ndiyo inayokata joto la kurushwa ambalo matundu hayaliwezi. Kwa nyumba mpya, mwambie fundi aiweke juu ya kenchi kabla ya kupiga papi za kushikilia bati, na aache nafasi ya hewa kati yake na bati. Wakati huo ni kazi ndogo. Baada ya jipsamu kufungwa, ni kubomoa.